Barabara ya Ahero Niliyoiendesha kwa Macho

Nimepigwa mara tatu kwa sababu ya baiskeli. Mara ya kwanza alinipiga baba, mara ya pili mume, mara ya tatu Kawangware nzima. Ninachotaka kueleza ni hiyo ya tatu na yaliyofuata, lakini hautaielewa bila zile mbili za kwanza, kwa hivyo vumilia.

Baba alinipiga kwa fimbo ya kuchungia ng'ombe. Nilikuwa nimeshatolewa shule, darasa la tatu, ili kaka zangu wasome. Mjomba alikuja kututembelea, akaegemeza baiskeli yake uani, akaingia ndani kunywa uji. Nikaichukua. Nikikaa juu ya tandiko miguu haikufika chini, kwa hivyo nilipitisha mguu mmoja chini ya ile paipu ya juu nikaendesha nimepinda kama kaa. Nilianguka mara nne nikaenda. Nilifika kisimani nikarudi, na niliporudi baba alikuwa amesimama njiani na fimbo.

"Msichana wangu anapanua miguu mbele za watu!"

Alinichapa mpaka nikajikojolea, na mama akasimama pale akiangalia mbali, kule ziwani. Lakini nilikuwa nimeshajua kuendesha. Fimbo haiwezi kukutoa hiyo mwilini.

Mume alinipiga hapa Kibera. Alikuwa na baiskeli ya kwendea kazini. Siku moja amelala, nikaitoa pole pole mlangoni nikaenda nayo hadi soko la Toi kununua samaki. Nilirudi na samaki kwenye kiti cha nyuma, watoto wananikimbilia wakishangilia, nikajiona malkia. Jioni wanaume wa ploti wakamwambia, "Bwana, kumbe wewe ndiye unabebwa." Alivunja baiskeli kwanza, kwa shoka. Halafu akavunja mkono wangu huu wa kushoto, mpaka leo mvua ikikaribia mkono unaniambia kabla ya redio. Baada ya hapo sikugusa baiskeli tena, miaka mingi sana, nikazaa, nikalea, nikapata wajukuu tisa. Mmoja wa hao wajukuu ni mwalimu. Naandika hivyo ili ujue hawa hawakutoka kwa mtu mjinga.

Mume alikufa, na mimi mwenyewe ndiye nilimpikia matanga yake. Chakula kilikuwa kizuri mno. Watu walikula, wakalamba vidole, wakaulizana, "Nani amepika?" Kazi yangu ilianzia hapo.

Mimi ni mpishi wa matangani. Mtu wetu wa ziwani akifa Nairobi, hazikwi Nairobi. Watu wanakusanyika nyumbani kwake siku kadhaa, wanalia, wanakula, halafu wanakodi basi kumrudisha kwao, na huko pia kuna watu mia tatu wanaotaka kula. Mimi natangulia na sufuria. Nilikuwa na sufuria nne kubwa, kila moja mtoto angeweza kuoga ndani, na mwiko wa mti unaonifika kifuani. Nina wanawake wawili wa kunisaidia. Kwa kazi hii nimezunguka Kenya kuliko mbunge.

Na kila nilipofika, kitu cha kwanza kabla hata ya kuuliza kuni ziko wapi, niliangalia barabara. Kitunguu kikiiva mimi niko barabarani. Naendesha kwa macho. Naona mlima ule nitaushuka vipi, shimo lile nitalikwepa upande gani, mbwa wa boma lile nitampiga teke la mguu upi. Wale wasaidizi wangu, wanaoniita Shosho, yaani bibi, walikuwa wakinicheka.

"Shosho ameondoka tena. Nani ataweka chumvi?"

Acha nikuambie. Busia ni pazuri asubuhi, tambarare, lakini malori ya mpakani yanakuja yamelala upande mmoja. Ningeendesha mpaka saa tatu halafu nishuke. Mumias barabara inapita katikati ya miwa, kivuli kitamu, ila zile trekta miwa imechomoza pande zote, inaweza kukung'oa kichwa na dereva asijue. Mbita upepo wa ziwa unakusukuma ukienda kama mtu anayekupenda, ukirudi unakuchapa makofi. Kisii usinitajie. Kisii ni mahali pa kusukuma baiskeli.

Lakini Ahero! Mashamba ya mpunga pande zote, hakuna mlima hata mmoja, mitaro ya maji imenyooka kama imepigwa rula. Ukiwa hapo unaona mtu anayekuja kabla hajajua kama utamsalimia au la. Kuna njia moja inatoka lami, inaingia ndani kwenye maboma ng'ambo ya mpunga. Nimepika huko mara sita. Ile njia naijua kuliko njia ya kwenda choo changu. Kwanza kuna kalavati lililovunjika upande wa kulia. Halafu kinu cha kusaga, hapo kuna mbwa wawili. Halafu udongo mweusi, ukilowa unashika gurudumu kama mkono wa mtu, kwa hivyo unapita pembeni kwenye nyasi. Na ukiwa mjanja, hauzunguki na njia kubwa. Unakata juu ya ukuta wa mtaro, unavuka daraja la mbao mbili tu, unatokea lami. Mbao mbili, upana wake si hata mkeka. Watu huvuka kwa miguu wameshika kuni kichwani. Mimi nililivuka kwa macho mara sita, nimekaa juu ya tandiko, sijaweka mguu chini.

Kibera, tangu ile siku ya samaki, sikuwahi kuendesha tena hata kwa macho. Mitaro, mawe, watu, mabati yaliyochomoza kukata koo. Kawangware ndiyo kabisa. Pale steji ya Hamsini na Sita pikipiki zinatoka kila upande, na kila mwenye pikipiki anadhani barabara alirithi kwa baba yake.

Sasa, kulikuwa na mtu wetu mmoja Kawangware, mlinzi. Miaka yote alienda kazini na baiskeli yake, ile kubwa nyeusi ya chuma tunaita blakmamba. Alikuwa amelivisha tandiko ngozi ya ng'ombe mwenye madoadoa, na kengele yake ilisikika mpaka mtaa wa Satellite. Lori lilimgonga kwenye Naivasha Road, likaendelea. Yeye alikufa hapo hapo. Baiskeli ilipinda rimu kidogo tu, fundi akainyoosha.

Nikaitwa kupika. Nikatoka Kibera na sufuria zangu juu ya mkokoteni, nikaweka mafiga uani kwenye ile ploti, na baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, hatua tatu kutoka kwa moto wangu. Siku nne nilikoroga ugali nikiiangalia. Iliniangalia pia.

Mjane alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, fundi wa nguo, anashona sare za shule. Hawakujaliwa mtoto. Alikaa ndani juu ya mkeka amevaa koti la marehemu limepinduliwa nje ndani, ndivyo tunavyofanya. Hakuruhusiwa kutoka kwenda barabarani, wala kuingia nyumba ya mtu. Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa amekuja kutoka nyumbani kuchukua mwili. Mtu mrefu, mikono mirefu, sauti yake ilikuwa ya kuita ng'ombe. Siku ya kwanza tu alisimama mbele ya watu akasema:

"Ile baiskeli isiguswe. Inapanda juu ya basi na mwenyewe. Nitaipanda mimi siku ya kufukuza kifo."

Kufukuza kifo ni hivi: mtu mzima akizikwa, wanaume wanachukua ng'ombe, mikuki, marungu, baiskeli, wanatoka mbio mpaka mpakani mwa kijiji wakipiga kelele, wakichoma hewa, kifo kitoke bomani. Na vitu vya marehemu havitumiwi na mtu mpaka hayo yaishe na ndugu wagawane. Hiyo niliijua. Sitakudanganya kwamba sikujua.

Lakini mpishi wa matangani amezoea. Nyumba ya msiba mimi ndiye nashika kisu cha marehemu, nachota maji kwa ndoo yake, nakorogea chai kwenye sufuria yake, na hakuna anayeniuliza. Mikono yangu imesamehewa. Ndivyo wazee walivyosema siku zote: "Mwache, huyo ni mpishi." Kwa hivyo siku ya tano, mchana, watu wanakaribia kurudi kutoka mochari na njaa, unga ukaisha. Wasaidizi wangu walikuwa wameenda maji. Nikaiangalia baiskeli. Nikajiambia, hiki ni chombo kama sufuria. Mpishi anaenda unga. Hakuna mwiko hapo.

Huo ndio ulikuwa ujinga wangu.

Nilifunga leso kiunoni, nikaitoa getini, nikapanda. Mungu wangu. Goti lililia lakini mwili ulikumbuka. Nilipita kinyozi, nikapita duka la mabati na misumari, nikapiga ile kengele, watu wakaruka pembeni. "Shosho noma sana!" mtu akapiga kelele. Nilicheka peke yangu barabarani kama kichaa. Nilikuwa nimefika karibu na steji, sijafika hata kwa muuza unga, niliposikia mwanamume wa bodaboda anasema:

"Hiyo si baiskeli ya yule mlinzi amekufa?"

"Ndio hiyo. Angalia kiti."

"We mathe! Simama! Umetoa wapi hiyo baiskeli?"

Ningesimama nikaongea vizuri. Lakini mimi nilijibu kama mimi: "Kwani wewe ndiye ulimnunulia?"

"Anamwibia maiti! Mwizi!"

Kama hujawahi kuitiwa hilo neno Nairobi, omba usiitwe. Teke la kwanza liligonga gurudumu, nikaenda chini na baiskeli juu yangu. La pili liligonga mbavu. Nilisikia kitu ndani kimelia kama kijiti kikavu. Mtu akanishika nywele akanivuta kutoka chini ya baiskeli, mwingine akanipiga mdomo na kofia ya pikipiki, ile ngumu, nikatema jino. Nikaona jino langu pale kwenye vumbi, na kiatu cha mtu kikalikanyaga. Wanawake walikuwepo pia, usifikiri ni wanaume tu. Mama mmoja muuza nyanya aliacha biashara yake akaja kunipiga na sandali.

"Mimi ni mpishi!" nilisema. "Napika matangani! Naenda unga!"

Wakacheka. "Mpishi! Leo utapikwa wewe!"

Nikamuuma mmoja mkono. Nikamshika mpaka nikaonja damu, sikujua kama ni yangu au yake. Akapiga kelele kama mtoto, na hapo ndipo walipopata wazimu kabisa. Jiwe likanipata juu ya jicho. Kwa lile jicho lingine nikaona tairi kuukuu linabiringishwa kuja, na mtu anafungua tangi la pikipiki yake, ameshika chupa. Sikuomba Mungu. Nilifikiri, wajukuu wangu wataambiwa nilikuwa mwizi. Hilo ndilo liliniuma kuliko mbavu.

Halafu kelele zikapungua, kutoka nyuma kuja mbele, kama maji yanaondoka kwenye karai.

Mjane alikuwa anakuja katikati ya barabara, miguu mitupu, na lile koti limepinduliwa. Watu walimpisha. Watu wanaogopa mjane aliyevaa hivyo. Asiyejua mila zetu pia anaogopa. Aliangalia chini nilipolala. Akaangalia tairi. Akasema, wala hakupaza sauti:

"Nimempa mimi."

"Umempa nini?"

"Baiskeli. Ni ya mume wangu, nimempa mpishi. Mnamchoma kwa nini?"

Hakuwa amenipa. Hatukuwa tumesemezana isipokuwa "kula kidogo" na "sitaki". Lakini alisimama akarudia mara ya tatu, na mwenye chupa akaifunga chupa yake. Wakatawanyika wakijifanya wana haraka. Yule muuza nyanya aliniinua kwa kwapa akaniambia, "Pole mathe, ungesema mapema." Nikamtemea damu kwenye sandali.

Nilipogeuka nikaona kaka mkubwa amesimama nyuma ya mjane. Alikuwa ameteremka kwenye gari la mochari, amesikia yote. Kwetu, mjane akitoa kitu cha mumewe kabla hajazikwa, ni kama amemfungulia mwanamume mwingine mlango maiti ikiwa bado kitandani. Hakumpiga pale. Alimwinamia tu sikioni, lakini sauti yake ilikuwa ya kuita ng'ombe, hata mimi nilisikia:

"Tutaongea nyumbani. Huko hakuna Kawangware."

Wasaidizi wangu waliniambia nisisafiri. Jicho lilikuwa limefunga, mbavu nimefungwa leso mbili, siwezi kukohoa. Nilisafiri. Kwanza kazi ni kazi. Pili, yule mwanamke alikuwa ameninunulia uhai wangu kwa wake, na nilijua. Tulikaa kiti kimoja kwenye basi. Baiskeli ilikuwa juu ya paa karibu na jeneza. Kila tukipita shimo tuliisikia kengele ikilia kidogo.

"Wataniua, Dani," aliniambia tulipopita Naivasha. Dani ni nyanya, yaani bibi mzee, kwa lugha yetu. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha.

"Hawatakuua."

"Wewe unamjua? Mke wake wa kwanza hasikii kwa sikio hili. Na hakuwa ametoa hata kijiko. Mimi nataka kurudi tu kwa cherehani yangu. Nina sare za watu nusu nusu."

Nikafanya nilichojua. Nikamwambia, angalia dirishani, barabara ile mimi ningeiendesha hivi. Na ile hivi. Mwishoni alianza kuuliza.

"Na huo mlima?"

"Huo nashuka nasukuma. Mimi si mjinga."

"Na nyumbani kwao? Ahero?"

"Hapo," nikamwambia, "naendesha nimefunga macho."

Tukazika siku ya pili yake, mchana, kwenye boma lao mwisho wa ile njia yangu. Siandiki mengi ya mazishi. Yalikuwa na kelele, kulikuwa na pombe, na ng'ombe alichinjwa vibaya akakimbia na shingo nusu wazi mpaka kwenye viti vya wageni. Udongo ulipofunikwa, wanaume wakatoka kufukuza kifo. Kaka mkubwa akapanda baiskeli ya ndugu yake, mkono mmoja rungu. Walikimbia na ng'ombe, wakapiga kelele, wakachoma miti ya watu kwa mikuki, vumbi likaenda mpaka mbali. Wanawake tulibaki. Mimi nilikuwa juu ya sufuria ya ugali wa watu mia, nakoroga kwa mwili mzima kwa sababu mbavu zilikataa kukoroga.

Walirudi wakitoka jasho, macho mekundu. Kifo wanakifukuza mpaka mpakani, lakini ile hasira wanarudi nayo. Kaka mkubwa alishuka akaitupa baiskeli pale jikoni kwangu, ikaanguka karibu na kuni. Akaenda moja kwa moja kwa mjane aliyekuwa amekaa chini mlangoni.

"Sema mbele ya watu. Umempa nani kitu cha ndugu yangu?"

Rungu la kwanza lilimpata begani. Alianguka upande bila kulia. La pili lilimpata mgongoni, nikasikia ile sauti, puf, kama unapiga mkeka. La tatu alikuwa ameinua mikono kujikinga kichwa, likapata vidole, vidole anavyoshonea. Hapo ndipo alilia. Na watu wazima mia mbili wakaangalia sahani zao. Wazee pia. Pasta alikuwa anatafuta koti lake. Nikakumbuka mama alivyoangalia ziwa.

Mwiko wangu ulikuwa ndani ya ugali. Niliutoa na donge la ugali limeshika, linafuka moshi, kubwa kama kichwa cha mtoto. Nikatembea hatua zangu nane. Hakuniona. Nikampiga nao upande wa uso.

Ugali wa moto hauanguki. Unashika. Alipiga kelele ambayo sijasikia hata kwa ng'ombe wa asubuhi ile, akaangusha rungu, akajikwaruza uso, ugali ukahamia mikononi, akaunguza mikono. Nikampiga tena, goti. Ndugu yake mdogo akanijia na fimbo ya mkuki. Nikarudi nyuma hadi jikoni, nikapiga teke sufuria ya mchuzi, ikamwagikia miguu yake na ya watu wawili ambao pengine hawakuwa na makosa. Sijutii. Walikuwa wamekaa.

"Panda!" nikamwambia mjane, nikiinua baiskeli.

"Dani..."

"Panda nyuma, nimesema!"

Aliinuka na damu mkononi, akanikimbilia, akapanda kiti cha nyuma kwa upande. Nikampa mwiko. Nikasukuma hatua tatu, nikapitisha mguu, tukaenda.

Sasa sikiliza. Nilikuwa na jicho moja, mbavu zimevunjika, mtu nyuma. Kwa barabara nyingine yoyote Kenya ningelala mtaroni kabla ya dakika moja. Lakini ile nilikuwa nimeiendesha mara sita. Nilijua udongo mweusi unaanza wapi, nikaingia kwenye nyasi kabla haujanishika. Kwenye kinu mbwa wawili wakatoka, walewale, na mjane akamchapa mmoja na mwiko puani, mwingine akabadilisha mawazo. Nyuma yetu nikasikia pikipiki inawashwa, halafu kelele: "Mshike huyo mchawi!" Walikuwa watatu juu ya moja.

"Wanakuja," mjane akasema. "Dani, wanakuja."

"Wako wapi?"

"Kwa kinu."

Nikakata kushoto, juu ya ukuta wa mtaro. Yangeyange wakaruka kutoka kwenye mpunga, weupe, wengi. Pikipiki ikakata pia. Ukuta ni mwembamba. Nikasikia injini inakaribia, rungu likarushwa likapita karibu na sikio langu, lingine likanipata hapa mgongoni, pumzi ikakatika, miguu ikaendelea yenyewe. Halafu nikaona mbao. Mbili. Moja ilikuwa imepasuka mwisho, hiyo sikuwahi kuiona kwa macho.

"Usitikisike," nikamwambia. "Hata usipumue."

Hakupumua. Nikaangalia ng'ambo, sikuangalia maji, kama nilivyofanya mara zote nikisubiri kitunguu kiive. Gurudumu likapanda juu ya mbao, zikalia, ile iliyopasuka ikashuka, ikarudi, na tukawa ng'ambo. Sijaweka mguu chini.

Sikuona pikipiki ikiingia. Nilisikia tu mbao zinavunjika, maji yanaruka, na halafu wanaume watatu wanalaumiana kwa lugha ya mama.

Tulipofika lami nilishuka nikatapika. Lori la mchele lilikuwa limesimama, dereva anakagua tairi. Alituangalia: bibi mwenye jicho moja, mwanamke mwenye koti lililopinduliwa, vidole vimevimba kama ndizi, mwiko. "Nairobi," nikamwambia. Akatufungulia mlango. Mjane alichukua baiskeli, akaiegemeza vizuri kwenye mti wa stima, akalifuta tandiko kwa mkono wa koti. Akaigonga kengele mara moja. Halafu akapanda lori.

"Hiyo hatuchukui," alisema. "Wasiseme tena."

Vidole viwili vyake havikunyooka. Anashona hata hivyo. Alihama ile ploti, yuko upande wa Satellite, cherehani anaikanyaga kwa hasira, na sare zake hazifumuki. Sufuria zangu nne zilibaki huko, sikutuma mtu kuzifuata. Ujumbe ndio ulitumwa kwangu: yule mpishi akikanyaga huku tena, harudi. Naamini. Yule mwanamume uso wake ulishika kovu, na mtu anayeamka kila siku akajiona kwa kioo hasahau.

Kwa hivyo barabara nzuri kuliko zote Kenya mimi siruhusiwi. Bado napika. Nimepata sufuria nyingine, ndogo. Watu wa Bondo na Siaya wakifa, nasafiri, na basi lazima lipitie Ahero. Tukikaribia najifunika leso kichwani mpaka kidevuni kama mtu anayeumwa na jino, nisitambulike. Lakini naacha nafasi ya jicho.

Safari ya juzi niliona kwenye ule mlango wa njia, pale kwa mti wa stima, wamemwaga murram mpya, changarawe nyekundu, wamesawazisha mpaka kwenye kalavati. Kalavati nalo wamejenga. Ingeendesheka vizuri sana.